Aliyesimama Amekosa Nini?



Mara nyingi Mkristu akiulizwa habari za roho yake hujibu hivi: «Mimi nilibatizwa, nilipata Komunyo na Kipaimara, nilifunga ndoa kanisani. Sikuiba, sikuua mtu. Mnataka nini tena?» Maneno haya si ya mtu mwovu. Ni ya jirani yetu mwema, na pengine ni yetu wenyewe. Basi tuulize pasipo kumdharau mtu: yule asiyetenda ubaya, lakini haendi mbele, amekosa nini?

Tutazame kwanza nyumba zetu za udongo. Mtu hujenga mwaka ule anaooa: hukata miti, hukandika udongo, huezeka majani. Je, husema «nimekwisha kujenga», akakaa? Hata kidogo. Kila kiangazi hukandika tena pale mvua ilipomega, na majani yaliyooza huyabadili. Akiacha miaka mitatu, hakuna adui aliyekuja kuibomoa, wala yeye hakuipiga kwa shoka; lakini siku moja ukuta unawaangukia watoto. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Roho nayo ni hivyo. Hasira, wivu, uchovu na mazoea ndiyo mvua yake, nayo hainyeshi mwaka mmoja tu.

Bwana wetu alilijibu swali hili katika mfano wa talenta. Mtumwa wa tatu hakuiba mali ya bwana wake, wala hakuimaliza katika ulevi. Aliifukia chini, akairudisha nzima. Hata hivyo alihukumiwa. Kwa nini? Kwa sababu alimwona bwana wake kuwa mdai tu, asione kwamba alikuwa amemwamini. Vivyo hivyo Mkristu asemaye «nimekwisha» ameufanya Ubatizo kuwa deni lililolipwa, na kumbe ni urafiki ulioanza. Ni nani amwambiaye mkewe: «Nilikupenda siku ya arusi, yatosha»?

Nasi tunaoandika haya hatumo nje ya hukumu hiyo. Tulisoma seminarini, kisha tukapewa kazi ya ukatekista. Miaka mingi tulifundisha kwa daftari lilelile. Maswali na majibu tuliyajua yote kwa moyo. Siku moja tulikuwa tukieleza amri ya kusamehe. Mama mmoja mzee, mkatekumeni asiyejua kusoma, aliinua mkono, akasema: «Mwalimu, uniwie radhi. Wewe ulipojifunza maneno haya, ulimsamehe nani?» Tulinyamaza. Ulikuwa mwaka wa pili hatusemi na ndugu yetu wa tumbo moja, kwa ajili ya shamba la marehemu baba. Somo tulilijua kupita wote waliokaa mle. Lakini mama yule, ambaye hajabatizwa bado, alikuwa akitembea, na sisi tulikuwa tumekaa.

Wengine watasema: «Kukua katika roho ni kazi ya mapadri na masista, sisi tuna mashamba na watoto.» Lakini mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati iitwayo Lumen Gentium, ulifundisha kwamba waamini wote, wa kila hali, wanaitwa kwa utakatifu. Tena tunaye shahidi wa nchi yetu, Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma mwaka 1981. Hakuwa padri. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Alisali pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani. Alipopewa rushwa ili apitishe chakula kilichooza, alikataa, akauawa mwaka 2007. Mwaka 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri. Je, nguvu ile ilimjia siku ile moja? Hatudhani. Mtu hujizoeza kwa mambo madogo, siku ambazo hakuna amwonaye, hata siku kubwa ikifika imkute tayari.

Basi kukua si kuongeza wingi wa sala tu. Kila umri una kazi yake. Kijana hujifunza kuutawala mwili na ulimi. Mzazi hujifunza kuwaonya watoto pasipo hasira. Mzee ambaye mikono yake imechoka hujifunza kukubali kusaidiwa, na kuwaachia wengine nafasi yake pasipo uchungu. Na pengine hiyo ndiyo kazi ngumu kupita zote. Hakuna mwaka ambao Mungu hana neno la kutuomba. Wala tusikate tamaa tusipoona matunda upesi. Mkulima hang'oi muhogo kila asubuhi apate kupima mizizi.

Jioni, kabla ya kulala, imetupasa kujiuliza si «Leo nimetenda ubaya gani?» tu, bali pia «Leo kuna wema gani niliouacha?» Swali la pili huuma kuliko la kwanza.

Kwa ndugu yetu tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili tulisimama mlangoni. Mara ya tatu alituletea kiti. Mama yule mzee alibatizwa Pasaka iliyofuata, nasi tulikuwa nyuma yake kanisani, tukimshukuru Mungu aliyempa mwalimu mwalimu wake.