Gari Lililoachwa Uani: Je, Ni Mali ya Bure?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SW). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, Shaabani iliyopita nilisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kwetu Nachingwea kugawa mirathi ya marehemu baba. Nyumba ilijulikana, mikorosho ilijulikana. Hesabu ikakwama kwenye kitu kimoja ambacho hakikuwa chetu: lori bovu lililokuwa uani kwa miaka 11.

Lori lile liliingia msimu wa korosho. Mwenyewe, mfanyabiashara mgeni, liliharibikia naye njia ya Ruangwa. Akamwomba baba aliweke siku tatu tu, akafuate spea. Baba akamwambia, "Karibu, hapa ni kwako." Toka siku ile hakuonekana tena. Matairi yakaoza, mvua ikatuama ndani yake, mbu wakazaliana. Mama akakosa hata pa kuanikia mihogo.

Mdogo wangu alikwishapata mnunuzi wa vyuma chakavu. "Kaka," akaniambia, "huyu bwana ametudharau. Tungemtoza kodi ya uwanja, angedaiwa kuliko thamani ya hilo gari. Tuuze, tugawane." Nakiri mbele yenu kuwa maneno yale yaliniingia. Mimi ndiye niliyeuliza kilo moja ni bei gani.

Pengine ni mazoea. Sisi watu wa Nachingwea tumekulia kwenye hadithi za mashine zilizoachwa. Waingereza walipoanzisha Mpango wa Karanga mwaka 1947, Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Yakaletwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, na ikajengwa reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Mtu aliyelelewa na hadithi hizo huona chuma kilicholala kama kitu kisicho na mwenyewe.

Baada ya swala ya Alasiri tulimfuata shekhe wetu msikitini. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Baba yenu alimwambia nini siku lori lilipoingia?" Tukamweleza. Akasema, "Basi hiyo si mali ya kuokota, wanangu. Hiyo ni amana. Baba yenu amekufa, amana haikufa."

Akatukumbusha kuwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Hata mali iliyookotwa njiani, Mtume (SAW) alifundisha kuwa aliyeiokota aijue alama yake na aitangaze mwaka mzima. Sasa itakuwaje kwa ile iliyopokelewa kwa mkono na kwa kauli ya karibu? Mdogo wangu akaulizia kodi ya miaka 11. Shekhe akatabasamu: "Baba yenu alitoa ule uwanja kwa wema. Leo mnataka kumgeuzia marehemu sadaka yake iwe deni la watu?"

Lakini hakutuambia tukae na mbu. Uislamu haukubali mtu kudhuriwa wala kudhuru. Mwenye gari naye amedhulumu, kwa sababu aliomba siku tatu, hakuomba miaka. Akatupa utaratibu. Kwanza, tuandike hali ya gari mbele ya mashahidi. Pili, tuchukue namba zake, twende polisi na TRA kwenye daftari la magari, na tutangaze. Tatu, asipopatikana, tufike mahakamani ili liuzwe kwa uwazi na si kwa magendo ya usiku. Tukate gharama zilizotumika kweli, na kinachobaki kiwekwe kwa jina lake. Akatutajia Ibn Mas'ud (RA), ambaye muuzaji alitoweka kabla ya kupokea thamani yake. Alimtafuta mwaka mzima, asipomwona akaitoa ile thamani sadaka kwa niaba yake, huku akikubali kumlipa iwapo angerejea.

Tulipoinuka, shekhe akanishika mkono. "Na lako la Ruangwa, je?"

Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze. Miaka minne nyuma pikapu yangu iliniharibikia Ruangwa nikitoka mazikoni. Niliiacha kwa fundi, nikamwahidi nitarudi wiki ijayo. Baadaye nikabadili namba ya simu. Yule niliyekuwa namwita dhalimu uani kwetu, mimi ndiye niliyekuwa yeye uani kwa mwenzangu.

Tukaanza kutafuta. Kadi ya lori ilikuwa bado na jina la mtu aliyeliuza zamani, maana watu wetu hununua magari bila kubadilisha umiliki. Yeye ndiye aliyetuelekeza kwa familia ya mnunuzi. Mnunuzi alikuwa amefariki mwaka uleule alioliacha lori kwetu, naye ameacha mjane na watoto ambao hawakujua lori liko wapi. Mdogo wangu aliposikia neno yatima, alikaa chini. Sote tunaijua aya ya 10 ya Surat An-Nisaa, inayosema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Na sisi tulikuwa tumekwishauliza bei ya kilo!

Kwa idhini ya mjane, lori liliuzwa kwa mnunuzi yuleyule wa vyuma chakavu. Fedha haikuwa nyingi, lakini ilifika kwa wenyewe.

Kisha nikaenda Ruangwa. Fundi hakunifokea. Aliingia stoo akatoka na betri yangu, imefungwa kwenye kiroba chenye jina langu. "Kaka, nafasi umeniziba kweli," akasema, "lakini kukiuza cha mtu niliogopa." Nilimlipa, nikamwomba msamaha, na pikapu nikaiondoa.

Ndugu msomaji wa mjini, angalia nyuma ya nyumba yako, na ukumbuke nyuma ya nyumba za wenzako. Kama umeachiwa gari, mtafute mwenyewe kabla hujamtafuta mnunuzi. Kama umeliacha wewe, usingoje kutafutwa: nenda leo, kalitoe. Na mnapopokeana, andikianeni majina, siku na mashahidi. Mauti hayasubiri spea.

Wabillahi tawfiq.