Mbegu ya Balaa Nayo Ihifadhiwe?

Leo nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa desturi zetu halizungumzwi mbele ya wazee, nalo ni bangi. Msinifahamu vibaya. Sikuja kuisifu, sijapata kuivuta maishani mwangu, na nina sababu ya kuichukia ambayo nitaieleza. Nimekuja na suali linalonisumbua tangu mwaka 2009: je, mtu ana wajibu wowote wa kuhifadhi kitu asichokipenda, kitu kilichomdhuru yeye na jamaa zake, kwa sababu tu kikipotea hakirudi tena?

Mwaka huo kazi yangu ya uhandisi wa umeme ilinipeleka kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, wilaya ya Puna, ambako joto la volkano hugeuzwa kuwa umeme. Nilikaa miezi minne. Ukitoka Ohio kwenye theluji ukafika Puna utadhani umeshuka Mkoani: minazi, mipapai, mishelisheli, mvua isiyokwisha, na watu wenye kuvua viatu mlangoni. Hata heshima ya wakubwa ni ile ile. Mtu mzima yeyote, awe jamaa yako asiwe, huitwa Anko au Anti, kama sisi tunavyosema mjomba na shangazi.

Jirani yangu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, anayeishi peke yake. Tulianza kwa salamu, tukaendelea kwa samaki na mapapai, mwisho tukawa tunakaa pamoja barazani kila jioni. Wiki yangu ya mwisho alinitolea chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chini yake kulikuwa na mchele mkavu wa kunyonya unyevu, na juu ya mchele bahasha ndogo ndogo za karatasi, kila moja imeandikwa mwaka kwa penseli. Nikamwuliza, "Mbegu za nini hizi, Anko?" Akacheka. "Pakalolo," akasema. Kwa lugha yao ndiyo bangi: paka ni tumbaku, lolo ni kupumbaa au kufa ganzi. Nani atasema watu hao hawakujua wanachokiita?

Nieleze kidogo, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipo. Mmea huu si wa asili ya Hawaii. Uliletwa na watu, kama ulivyoletwa kwetu. Hata neno "bangi" tumelipokea kutoka India pamoja na mambo mengine ya bahari. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa mawimbini, askari na wasafiri walileta Hawaii mbegu kutoka Mexico, Thailand na kwingineko. Wakulima wakawa wanachagua kila msimu mche uliostahimili mvua na ukungu, wakaweka mbegu yake, wakaipanda tena. Ndivyo yalivyotokea majina yaliyovuma dunia nzima, kama Maui Wowie, Kona Gold na Puna Butter. Mbegu ya kienyeji si lazima iwe imezaliwa mahali hapo. Ni ile iliyokaa mahali hadi mahali pakaifinyanga. Kwa kipimo hicho, hata sisi wengi wa pwani ni mbegu za kienyeji.

Mmea wa nchi za joto una tabia zake. Hukua mrefu, majani yake ni membamba, maua yake hayakubanana, ndiyo maana upepo hupita na ukungu haushiki. Lakini ni mvivu wa kukomaa: tangu uanze kutoa maua hutaka wiki 12 na zaidi, wakati chotara aliyechanganywa na mbegu fupi za Afghanistan huwa tayari kwa wiki 8 hivi. Tangu miaka ya 1970, na kwa nguvu zaidi miaka ya 1980, polisi walianza msako wa helikopta juu ya visiwa vile, msako uliojulikana kwa jina la Green Harvest. Sasa jiweke mahali pa mkulima. Utapanda mti mrefu utakaokaa porini miezi mingi ukionekana kutoka angani, au kifupi cha haraka cha kuficha ndani ya nyumba chini ya taa? Bila ya shaka kifupi. Ile mbegu ndefu ikaachwa.

Kuna jambo la pili. Mmea huu una dume na jike, na chavua ya dume hupeperushwa na upepo kilomita kadhaa. Jirani mmoja akipanda mbegu ya kisasa, yako ya zamani imekwishaingiliwa. Tena ili ukoo wa mbegu usidhoofike hauwezi kuzaa kwa dume mmoja na jike mmoja. Unahitaji miche kwa makumi, na mtu anayejificha hawezi kupanda makumi. Kwa hiyo msako haukuondoa bangi Hawaii. Ulichokiondoa ni bangi ya zamani, ikabakia ile fupi, kali na ya haraka. Waliotaka kuizima wakajikuta wamechagua ipi iishi.

Mzee alikuwa na ombi. Joto na unyevu wa Puna vinaua mbegu. Sisi wahandisi tunapenda kanuni, na ipo kanuni mashuhuri ya wahifadhi mbegu: kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, umri wake huongezeka mara mbili, na kila unapoishusha joto kwa nyuzi 5 za Selsiasi, huongezeka tena mara mbili. Hakuwa na friji ya kuaminika wala mtoto wa kumwachia. Akasema, "Wewe unakwenda kwenye baridi. Chukua nusu. Usizipande. Ziweke tu."

Nilikataa kabla hajamaliza kusema.

Sababu ya kwanza ni sheria. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya wakati ule, mbegu yenye uwezo wa kuota ilihesabiwa kuwa ni bangi yenyewe. Mimi nilikuwa mgeni mwenye kibali cha kuishi, nina mke na watoto watatu. Bahasha moja ingetosha kutufungisha virago sote.

Sababu ya pili ni mdogo wangu. Alianza kuvuta akiwa skuli, na miaka yake ya ujana ikaishia kusikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Madaktari walisema bangi haikuwa sababu pekee, huenda maradhi yalikuwa yakimvizia. Lakini walisema pia kuwa kwa kijana wa namna ile bangi ni kama kumwagia mafuta ya taa penye moto. Mama yetu alifariki akiwa anamwuliza kila anayeingia, "Mwanangu amekula?" Mtu aliyeyaona hayo ukimpa mbegu ya bangi aihifadhi, umempa kisu kilichomkata.

Niliondoka Puna nikijiona mshindi. Lakini suali lilinifuata hadi Ohio, na nikaanza kubishana nalo.

Nilijiambia: kibaya na kife. Suali likanijibu kwa karafuu. Sisi Wapemba tumesomeshwa, tumeozwa na tumezikwa kwa karafuu. Katika karne ya 17 Waholanzi waliikata na kuichoma mikarafuu ya visiwa vya Maluku, isipokuwa pale walipotaka wao, ili bei iwe mikononi mwao, na aliyepanda bila ya idhini aliadhibiwa vikali. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kuitorosha miche hadi Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 karafuu ikafika Unguja na Pemba. Kwa macho ya sheria ya wakati huo ilikuwa ni magendo matupu. Basi neno "haramu kwa sheria" halitoshi peke yake kumaliza ubishi huu.

Nikajiambia: lakini karafuu ni neema, bangi ni balaa. Suali likanijibu kwa ndui. Ndui asilia ya mwisho ilimpata kijana mmoja wa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa imekwisha. Hata hivyo virusi vyake havikuteketezwa vyote. Vimewekwa katika maabara mbili, moja Marekani na moja Urusi, na wataalamu wamebishana miaka mingi kama viteketezwe au vibakie. Kama binadamu anasita kuufuta ugonjwa ulioua mamilioni, akihofia huenda siku moja akauhitaji kwa utafiti, iweje mimi niwe na uhakika juu ya mmea?

Na kweli uhakika ule ulikuwa mwembamba. Kwa miaka mingi wakulima wa Marekani walichagua bangi kwa ukali wake tu, na kiambato kingine kisicholevya, kiitwacho kanabidioli, kikapungua kwa kuwa hakuna aliyekitafuta. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha dawa ya kanabidioli kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Kitu kilichokuwa kikitupwa kilikuwa ni utulivu wa mtoto wa mtu.

Hata hivyo sikubali kwamba hoja hizi zinamlazimisha kila mtu. Kuhifadhi si kusambaza, na kulinda si kupenda, hayo nakubali. Lakini ulinzi wa kitu chenye hatari unahitaji mlango, kufuli na daftari. Wakati wa mzingiro wa Leningrad, kuanzia mwaka 1941, watumishi wa taasisi ya mbegu aliyoiongoza Nikolai Vavilov walikufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na magunia ya mbegu wasizozila. Wao walikuwa taasisi na walikuwa na dhamana. Mimi nilikuwa baba wa watu mwenye sanduku la nguo. Kuhatarisha riziki ya watoto ambao hawakuulizwa, kwa ajili ya mbegu, hakungekuwa ushujaa. Kwa hiyo hadi leo nasema: kuikataa bahasha ile nilikuwa na haki.

Basi kinachoniuma ni nini?

Mwezi wa Mei 2018 volkano ya Kilauea ilipasua ardhi ya Puna. Nyumba zipatazo 700 zikateketea, na mtaa ule wa mzee ukawa chini ya jiwe jeusi. Nilipiga simu, haikuita. Baada ya miezi mwenzangu wa kazini akaniarifu kuwa mzee alitoka salama na mavazi aliyovaa. Ya chupa hakuyajua.

Jioni ile nilizungumza na mdogo wangu kwa simu. Siku zake nzuri anazungumza vizuri kuliko mimi. Sijui kilichonisukuma, nikamhadithia yote, mzee, chupa, mbegu na moto. Nilitarajia aseme afadhali zimeungua. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kaka, huyo mzee ana watu wa kumtazama?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa na mzee miezi minne, na tangu alipotaja pakalolo sikumwona tena mtu, niliona bangi. Kukataa kubeba ni jambo moja. Lakini nilikataa hata kusikiliza. Sikumwuliza kila mwaka ulioandikwa kwa penseli ulikuwa na nini, alichagua mche kwa kuangalia nini, alipanda mwezi gani, alitofautisha vipi dume na jike kabla ya maua. Kusikiliza hakukatazwi na sheria yoyote, na daftari halinuswi na mbwa wa forodhani. Mbegu bila ya maarifa ni kufuli bila ya ufunguo, na ufunguo ule nilipewa bure jioni zote zile nikaukataa kwa chuki yangu. Chuki yangu ilikuwa na sababu, lakini haikuwa na haki juu ya mzee.

Kisha nikakumbuka jambo lililonitia haya zaidi. Bibi yangu alikuwa na mpunga wake, mwekundu kidogo, wenye harufu iliyofika njiani. Mbegu aliiweka ndani ya kibuyu pamoja na majivu makavu, kazi ile ile ya mchele wa mzee. Mbegu ile hakuna sheria iliyoikataza wala helikopta iliyoisaka. Nilikwenda kusoma Uingereza, nikarudi likizo mara mbili, nikaula, nikausifu, nikaondoka. Leo hata jina lake silikumbuki. Tunalaumu waliochoma vya watu, na vya kwetu tumeviacha vife kwa usahaulifu, navyo tulikuwa tukivipenda.

Mwaka uliofuata nilikwenda Pemba. Shangazi yangu, mzee sana sasa, ana mpunga anaopanda kila mwaka katika kipande cha bonde. Anasema ndio ule wa bibi, binti yake anasema sio. Sikubishana nao. Nilikaa chini na daftari siku tatu, nikauliza kila kitu, na mdogo wangu akiwa pembeni akinisahihisha majina ya magugu. Mbegu ziko kwa binti wa shangazi, ndani ya chupa yenye majivu, na nusu yake kwa jirani, kwa sababu mbegu haiwekwi nyumba moja.

Mzee wa Puna yuko kwa mpwa wake, bara. Nilipata namba. Nilimwuliza kwanza kuhusu afya yake.