Mkono Ulioletwa Katikati

Mpendwa, kwenye vilima vya Kitshanga, mashariki mwa Kongo, mtu huwa ameshakamua ng'ombe, ameshabeba bidoni ya maji na ameshashika jembe la shamba la viazi kabla jua halijapanda. Jumapili mikono hiyohiyo ndiyo inayoshika gitaa la kwaya. Wengi wa wapiga gitaa wetu walijifunza kwenye gitaa la ubao lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, waya unaokata ncha za vidole mpaka ziote sugu.

Mmoja wao, baba wa makamo anayekamua ng'ombe wa watu, alianza kuona kidole cha pete cha mkono wake wa kushoto kinakataa kunyooka asubuhi. Kilijikunja kikabaki hapo, na akikivuta kiliachia ghafla kwa mlio mdogo na uchungu mkali. Hakumwambia mtu. Kwenye ibada solo ikaanza kukatika katikati, watu wakadhani amesahau wimbo. Baadaye akawa anachelewa, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, mkono ndani ya mfuko wa koti. Gitaa likachukuliwa na kijana ambaye baba huyo mwenyewe alimfundisha. Wawili hao waliokuwa wakila sahani moja wakaacha hata kusalimiana.

Tuuangalie kwanza mkono wenyewe, kwa sababu mwili usipoeleweka, roho nayo huanza kujitungia maelezo. Vidole hukunjwa na kano, kamba ngumu za mwilini zinazotoka kwenye misuli ya mkono na kupita ndani ya ala nyembamba kwenye kiganja. Kushika kwa nguvu na kurudiarudia, kama anavyofanya mkamuaji au mlimaji, kunaweza kuifanya ala hiyo inenepe na kano ivimbe. Hapo kano hukwama, kama fundo la uzi kwenye tundu la sindano. Wenye ugonjwa wa sukari hupatwa zaidi. Mara nyingi dawa yake ya kwanza ni pumziko, na usiku kufungiwa kijiti laini kinachokiweka kidole wima. Ikishindikana kuna sindano inayochomwa kwenye ala, na mwisho upasuaji mdogo wa kuifungua. Kukivuta kwa nguvu kila asubuhi hakuponyi.

Lakini ndugu yetu aliambiwa mengine. Mmoja alimnong'oneza kwamba kidole kimefungwa na adui. Mwingine alimshauri aende kwa mtu wa kuvuta mifupa. Mimi naamini maombi, mpendwa, na sijaona ombi la kweli linalomzuia mtu kufika kituo cha afya.

Maneno yaliyomuumiza zaidi, hata hivyo, yalisemwa kwa nia njema: “Kidole ni nini, baba? Wenzako wamepoteza nyumba.” Ni kweli, tumepoteza. Mwaka 2013 mapigano yalichoma sehemu kubwa ya mji huu, na Januari 2023 maelfu wakafunga tena mizigo na kushika njia. Mahali penye uchungu mkubwa namna hii, mwenye uchungu mdogo huona aibu kuusema. Je, wewe pia umewahi kumeza kilio chako kwa sababu jirani analia zaidi?

Injili ya Marko, sura ya 3, inatupeleka kwenye sinagogi siku ya Sabato, ambamo mlikuwa na mtu mwenye mkono uliopooza. Luka anaongeza kwamba ulikuwa mkono wa kuume, yaani mkono wa kazi. Nchi yao ilikuwa chini ya Warumi, watu wakilipa kodi na kuogopa askari. Misiba mikubwa ya kuzungumzia ilikuwepo. Hata hivyo, Bwana alisimamisha ibada kwa ajili ya mkono mmoja. Hakumwambia yule mtu kwamba wengine wanateseka zaidi yake. Kabla ya kumponya, alimtaka asimame katikati, mbele ya wote. Kisha akamwambia aunyoshe uleule mkono ambao bila shaka alikuwa amezoea kuuficha.

Nasoma habari hii mara nyingi, na kila mara mpangilio huo hunigusa: katikati kwanza, uponyaji baadaye. Sisi tumeugeuza. Tunamwambia mgonjwa, pona kwanza, kisha urudi kwenye nafasi yako. Nawe, ni nini unachokificha mfukoni mpaka kipone ndipo ukilete mbele za Mungu?

Wapenzi wa gitaa wanalijua jina la Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Katanga aliyezaliwa mwaka 1930. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, na wimbo wake “Masanga” ukavuka mipaka. Mkono wake wa kulia ulipiga nyuzi kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na anayesikiliza angeapa kwamba wapo wapiga gitaa wawili. Huko Ufaransa, mpiga gitaa Django Reinhardt aliungua mwaka 1928 gari alimoishi liliposhika moto. Kidole cha pete na kidole kidogo cha mkono wa kushoto vikabaki vimejikunja. Alijifunza upya, akapiga solo kwa vidole viwili vilivyobaki, na dunia ikamsikiliza. Sikutajii watu hawa ili nikuambie kwamba kila kilichopotea hurudi na ziada. Wako wanaoweka gitaa chini moja kwa moja, na Mungu hawapendi pungufu. Lakini wakati mwingine mkono uliopungua bado una wimbo, ila si ule wa zamani.

Ndugu yetu sasa anapiga gitaa la kusindikiza. Nyuzi zimelegezwa kidogo zisimlazimishe kubana sana, na kodi za gitaa anazishika kwa vidole viwili au vitatu. Solo ni ya kijana. Haikuwa rahisi kufika hapo. Alihitaji kuusamehe mkono wake, maana alikuwa akiuchukia kama mtu aliyemsaliti. Alihitaji pia kumsamehe kijana kwa kosa ambalo kijana hakulifanya, na msamaha wa namna hiyo ndio mgumu kuliko wote, kwa sababu hakuna wa kukuomba radhi. Kijana naye alikwenda nyumbani kwake jioni, akamwamkia, akamwomba amsikilize sehemu ya wimbo asiyoiweza. Asubuhi za baridi kidole bado hukwama. Jumapili anakuja, anakaa mbele.

Juma hili, mpendwa, kama kidole au kiganja chako kinakwama, kinakufa ganzi au kinauma, usingoje mpaka kishindwe kabisa: mwonyeshe muuguzi, na umwombe mwenzako akusaidie kukamua siku chache. Na kama wewe ni kiongozi wa kwaya, kabla hujamwambia mpiga gitaa wako wimbo wa Jumapili, muulize mikono yake inaendeleaje, kisha umngoje ajibu.