Wanangu Washairi, Mnamkasirikia Nani?

Wanangu mnaotunga, nawasoma. Mnayoyarusha usiku kwenye simu wajukuu hunisomea asubuhi, na mnapoghani jukwaani huwa naja kuwasikiliza nikijaliwa. Mashairi yenu mengine nashinda nayo moyoni kutwa nzima. Mengine nayaacha njiani, na leo nataka niwaambie sababu, maana naona mnadhani wazee tunawasumbua kwa ajili ya vina na mizani tu.

Vina navipenda, sifichi. Nimelelewa na kitabu cha Sheikh Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, huyo huyo aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji letu hili la Dar es Salaam. Lakini Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alipotoa kitabu chake cha mashairi, Kichomi, mwaka 1974 bila kujifunga na sheria hizo, wakali wa mizani wakamjia juu, mimi nilikisoma nikakirudia. Uchungu wake ulikuwa na kazi, na kila neno lilikuwa limepimwa. Kwa hiyo tungeni mpendavyo. Nina neno jingine.

Kinachoniuma ni pale mapenzi yanapogeuka hasira. Kijana kaachwa, machozi hayajakauka, shairi limeshasambaa, na ndani yake yumo binti wa watu mzima mzima: mtaa anaokaa, saluni anayosukia, siri alizomnong'oneza wakiwa wawili. Watu wanashangilia. Kesho yake binti anakatiza Mtaa wa Msimbazi na kila jicho liko kwake. Mmemvua mtu nguo sokoni, na ufundi wa lugha haupunguzi aibu yake hata chembe. Na wasichana nanyi siku hizi hamjambo, mnawafanyia wenzenu vivyo hivyo.

Mkitaka kujua namna ya kusema bila kumwanika mtu, nendeni kwenye maduka ya kanga hapa Kariakoo mkawaangalie mama zenu wakinunua. Muuzaji anaishusha doti kwa mti wenye ndoano, mama haulizi bei kwanza. Anaitandaza, anatafuta maandishi, anayasoma kwa midomo bila sauti. Akiyakosa anauliza, “Ile pale inasemaje?” Anaweza kuzipitia doti nyingi, zenye rangi nzuri kuliko aliyoishika, akazirudisha zote, kwa sababu ana mtu anayetaka kumwambia jambo: mume, wifi, jirani. Atakapoipata ataivaa na kupita kibarazani kimya kimya. Jina la mtu halikutajwa. Aliyekusudiwa ameshapata salamu zake, na akitaka kunyamaza ananyamaza, heshima yake iko palepale. Mapenzi yapo mle, na hasira kali ipo, na bado kesho wale wawili wanaweza kuazimana chumvi.

Sasa hasira yenyewe. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana kama ninyi alipoandika waraka wake wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Aliiuliza serikali swali waziwazi, akafungwa miaka mitatu. Gerezani akatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 mashairi hayo yakatoka yakiwa Sauti ya Dhiki. Alipotoka gerezani alikuja hapa Dar es Salaam kufanya kazi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Ukiyasoma yale mashairi utaona mtu mwenye kila sababu ya kutukana, na hatukani. Anahoji, anafumba, anabembeleza lugha mpaka hoja isimame. Unajua kabisa nani kamkosea na kwa lipi.

Katika mashairi yenu hilo silioni. Mnaikasirikia “dunia”, “mfumo”, “wao”. Wao akina nani? Mpenzi aliyekuacha unamtaja mpaka saluni yake, lakini aliyesababisha mama yako alale njaa unamwita “wao”. Naona mmegeuza mambo: stara mnampa mwenye nguvu, na aliye mnyonge mbele ya kalamu yenu mnamwanika.

Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo katikati ya biashara. Waokoaji walichimbua kifusi kwa nyundo na kwa mikono mitupu. Wapo vijana waliotoka nyumbani asubuhi ile kwenda kuuza nguo na hawakurudi. Hapo kuna hasira ya kutosha diwani nzima, na mapenzi pia, maana kila aliyebaki chini ya kifusi kile alikuwa na mtu anayempigia simu. Shairi la kunitosha juu ya siku ile bado sijalipata. Nalisubiri kwa mmoja wenu, lenye vina au lisilo na vina. Atakayelitunga awaulize kwanza wafiwa, ajue habari za vibali na majina ya mitaa, halafu ndipo akasirike.

Na wewe ambaye shairi la yule binti bado liko kwenye simu yako, hujalituma: lifute, mwanangu, leo hii.