Gololi na Pimamaji

Nilimwona fundi mwashi mmoja hapa Ng'ambo, Tabora, akilaza pimamaji juu ya mstari wa matofali. Akatazama kiputo, kisha akaigeuza pimamaji, kichwa kikawa mkiani, akatazama tena. Kiputo kikakimbilia upande. Ukuta haukuwa umesogea hata unywele. Akaiweka chini, akamtuma kijana akaazime nyingine.

Kitendo kile hunijia kila ninaposoma habari za upasuaji wa mionzi, jina lililotolewa na Lars Leksell wa Sweden mwaka 1951. Hakuna kisu, miali mingi hukutana mahali pamoja ndani ya ubongo na kuuharibu uvimbe. Mashine za leo huongozwa na picha: picha inasema uvimbe uko hapa, mwali unapiga hapa. Je, hizo "hapa" mbili ni moja? Picha yaweza kung'aa bila doa na mwali ukapita milimita mbili pembeni, penye neva ya jicho.

Kosa la namna hiyo si geni. Mji huu ungali ukiitwa Kazeh, wapelelezi Burton na Speke walifika Novemba 1857, wakaendelea hadi Ujiji. Speke alichemsha maji, akasoma kipimajoto, akakadiria mwinuko kutokana na joto la kuchemka, akaandika kwamba Ziwa Tanganyika liko futi 1,844 juu ya bahari. Liko kwenye futi 2,500 hivi. Maji yalichemka kweli na hesabu ilipigwa, lakini namba ile potofu ikaingia katika ubishi mkali wa chanzo cha Nile. Simlaumu Speke. Kipimajoto hakiwezi kujitolea ushahidi, na porini cha kukihoji kingetoka wapi?

Ndiyo maana naliheshimu sana jaribio walilolieleza Ken Winston na Wendell Lutz huko Boston mwaka 1988. Gololi ndogo ya chuma huwekwa pale pale uvimbe utakapowekwa. Mwali hupigwa kutoka juu, ubavuni, chini. Meza nayo huzungushwa. Kila pigo huacha kwenye filamu duara la mwali, na ndani yake kivuli cha gololi. Kivuli kikikaa katikati toka kila upande, kazi iendelee. Kikihama zaidi ya milimita moja, kwa kawaida mashine husimamishwa. Ni pimamaji ile ile, inageuzwa.

Hata hivyo gololi inajaribu kiungo kimoja tu cha mnyororo. Kwa hiyo kipo pia kichwa cha bandia chenye filamu ndani. Hupigwa picha, hupangiwa dozi, hulazwa, hupigwa mionzi. Kinapita safari nzima ya mgonjwa, kituo kwa kituo, kisha kinafunguliwa.

Mashine ya upasuaji wa mionzi inayoongozwa na picha, CyberKnife, iko katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi. Mgonjwa atakayetoka Tabora atasafiri mbali hadi kuifikia. Asubuhi ya zamu yake, kabla jina lake halijaitwa, mtu asiyemjua atakuwa ameinama juu ya filamu mbili, akipima kivuli cha gololi.