Mama Ngagi Akikosa Mlinzi

Kila asubuhi kule Tshivanga, mwendo wa kilomita zipatazo thelathini kutoka Bukavu, wafuatiliaji nyayo wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega hutafuta vitanda. Ngagi, yaani gorila wetu wa huku Kivu, hutandika upya kila jioni. Huketi, akavuta matawi na majani yaliyomzunguka, akayakunja na kuyakandamiza chini yake mpaka yashikane, ndipo alale. Kesho yake mfuatiliaji huinama juu ya kila kitanda na kukisoma. Ukubwa wa kinyesi humwambia umri wa aliyelala. Unywele mweupe ulionasa kwenye majani humwambia kwamba hapa alilala dume mzee mwenye mgongo wa fedha. Kinyesi kidogo kando ya kikubwa, hapo ni mama na mtoto wake.

Ni vitanda hivyo vinavyonifanya nikatae kauli ninayoisikia mara nyingi hapa mjini, kwamba mnyama hachagui, husukumwa tu na silika.

Juichi Yamagiwa wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwafuata ngagi wa Kahuzi mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa miaka mingi alifanya kazi bega kwa bega na watafiti wetu wa kituo cha utafiti cha Lwiro. Mwaka 2001 alichapisha alichokiona katika vitanda. Dume mkubwa akiwepo, majike na watoto wengi hulala chini karibu naye. Makundi yaliyofiwa na dume yalibadilika: majike na wadogo walizidi kutandika vitanda vyao juu ya miti. Msitu ni uleule na matawi ni yaleyale. Kilichopungua ni mlinzi.

Nikilieleza hili, huambiwa kwamba hiyo ni hofu tu. Sawa, ni hofu. Lakini hofu peke yake ingewatosha kukimbia. Kupanda mti jioni, kabla hatari haijatokea, kwa sababu yule aliyekuwa akiizuia hayupo tena, kunahitaji kitu zaidi. Kunahitaji kujua hali imebadilika, kisha kutenda kulingana na mabadiliko hayo. Mimi sina jina jingine la kitu hicho ila akili.

Na hofu yetu sisi je? Katika miaka ya 2000, kule Kaniola na vijiji vingine vya Walungu, familia ziliacha nyumba zao jua likizama, zikalala mashambani na vichakani kwa kuwaogopa watu wenye silaha waliovamia usiku. Hakuna aliyethubutu kusema akina mama wale walisukumwa na silika. Tulisema wameamua kuokoa watoto wao, na tulisema kweli.

Sidai kwamba ngagi hupanga hoja kwa maneno. Lakini hata mama anayeuza sambaza pale sokoni Nyawera hujua ni saa ngapi ya kushusha bei kabla samaki hawajaharibika, na ukimwomba akueleze amefikaje hapo atakutazama tu. Uamuzi wake hauwi wa kijinga kwa kukosa maelezo.

Anayelijua hili kuliko wote ni mwindaji haramu. Anapofukia kitanzi chake chini ya majani, amekwisha kukiri kwamba anayemtega hutazama, hukumbuka na huepuka. Anamheshimu mnyama kwa akili yake kwa muda ule wa kumtegea, kisha sokoni anamwuza kama nyama isiyojua lolote. Hilo huniuma kuliko hoja zote za wasomi.

Maheshe, dume wa Kahuzi aliyejulikana na wageni wengi, aliuawa na majangili mwaka 1993. Vita vilipoanza mwaka 1996, ngagi wa sehemu ya juu ya hifadhi waliuawa hadi wakabaki karibu nusu tu. Huwa tunaihesabu misiba hiyo kwa vichwa: dume mmoja, jike mmoja, mtoto mmoja. Hesabu hiyo ni pungufu. Risasi iliyomwangusha dume iliwaachia majike uamuzi wa kufanya kila jioni, wakiwa na watoto mgongoni, kuhusu mahali pa kulala. Ripoti ya ujangili isiyoandika kundi lililobaki linalala wapi haijaeleza kilichotokea.