Je, Ni Vema Kuyakumbuka Maumivu ya Kushindwa?



Tukiwauliza wapenzi wa mpira wa miguu wa hapa kwetu Morogoro ni mechi gani wanayoikumbuka kuliko zote, wengi hawatatutajia mechi ambayo timu yao ilishinda. Watatutajia ile iliyoshindwa. Ushindi husimuliwa kwa kelele siku mbili tatu, kisha husahaulika. Lakini kushindwa katika mechi ya mwisho, wakati kombe au daraja jipya lilikuwa karibu kuguswa kwa mkono, huko hukaa moyoni miaka thelathini, na msimuliaji hukumbuka hata alikuwa amekaa wapi na nani alikuwa kando yake.

Kwa hiyo tumeona vema kuuliza swali hili katika jarida letu: je, ni jambo jema kuyakumbuka maumivu hayo, ama ni upuuzi wa watu wazima? Wapo wanaotuambia, “Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.” Wapo pia wanaosema kwamba huo ni mpira tu, na kwamba mtu mwenye akili hawezi kulia kwa sababu ya vijana kumi na moja asiowajua. Tusiwadharau wenye maneno hayo, ila tuyapime kwa mifano.

Mwaka 1993 klabu ya Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, mashindano yaliyokuwa yameanza mwaka mmoja tu kabla yake. Ilikutana na Stella ya Abidjan, Kodivaa. Mechi ya kwanza, iliyochezwa kwao, ilikwisha kwa sare ya 0–0. Hebu fikirini matumaini ya siku zile! Sare ya ugenini imepatikana, sasa imebaki mechi ya nyumbani, na nchi nzima inangoja. Mwezi wa Novemba Stella wakaja Dar es Salaam, wakashinda 2–0, wakaondoka na kombe. Wakati ule Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, na sisi tuliokuwa mikoani tuliifuata mechi ile kwa redio. Hatukuona bao hata moja. Tuliusikia uwanja ukinyamaza, na hiyo ndiyo kumbukumbu tuliyobaki nayo hata leo.

Miaka thelathini baadaye ikawa zamu ya Yanga. Tarehe 28 Mei, 2023, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ilifungwa 2–1 na USM Alger katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Tarehe 3 Juni ikaenda Algiers ikashinda 1–0. Jumla ikawa 2–2, lakini kwa kuwa Waarabu wale walipata mabao mawili ugenini na Yanga bao moja, kombe likabaki Algeria. Yaani watu walishinda mechi, na saa ile ile wakakosa kombe. Mwaka 2025 Simba nao wakarudi katika fainali hiyo hiyo. Walifungwa 2–0 na RS Berkane huko Morocco, kisha tarehe 25 Mei wakatoka sare ya 1–1 katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Wakakosa tena.

Hata mkoa wetu una fungu lake. Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyokuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na tena mwaka 2000, ilishuka daraja mwaka 2024 baada ya miaka mingi katika Ligi Kuu. Namshukuru Mungu, watasema watu wa Turiani, ilipanda tena mwaka 2025. Lakini mwaka ule mmoja wa chini waliuhesabu mwezi kwa mwezi.

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba ni mpira tu. Sisi tunaona kwamba hawajatazama kitu kilichopotea. Shabiki hakupoteza mali, na kesho yake ataamka aende shamba au dukani kama kawaida. Kilichopotea ni tumaini ambalo watu wengi walikuwa wanalishika kwa pamoja. Na tumaini la pamoja si kitu kidogo. Mfanyabiashara wa sokoni, dereva wa basi, mkulima wa mboga wa Mgeta na mwanafunzi wa chuo, ambao hawajuani, kwa muda wa majuma mawili wanangoja jambo moja. Ni mambo machache sana katika nchi yanayoweza kuwaunganisha watu hivyo bila kuwalipa wala kuwalazimisha. Likivunjika tumaini la namna hiyo, anayehuzunika si mjinga.

Hata hivyo, huzuni ina vipimo vyake, na ni lazima tuwe wakweli. Siku ile ya tarehe 28 Mei, 2023, palikuwa na msongamano uwanjani, mtu mmoja akafariki na wengine wapatao 30 wakaumia. Alikuwa ametoka nyumbani kwenda kutazama mpira. Kwa jamaa zake siku ile haina mabao. Wenye kombe walikuwa na mechi ya marudiano juma lililofuata, lakini msiba hauna marudiano. Mtu akikumbuka mabao mawili ya siku ile na kumsahau yule aliyefariki, basi kumbukumbu yake imepinda, na ni wajibu wa mwenzake kumnyosha. Hatusemi kwamba asihuzunike kwa kombe. Tunasema ajue lipi ni huzuni na lipi ni msiba.

Lakini hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, iko mahali pengine. Maumivu ya kushindwa yana tabia moja mbaya: hutafuta mtu. Hayatulii mpaka yapate wa kulaumiwa. Mara utasikia kwamba refa alihongwa. Mara utasikia kwamba kipa aliuza mechi, kwamba beki fulani alionekana usiku akizungumza na watu wasiojulikana, kwamba wageni walipitisha dawa mlangoni. Hakuna aliyeona, lakini kila mtu amesikia. Na kijana aliyekosea kuruka au kupiga mpira hubeba jina baya maisha yake yote.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko Brazil. Tarehe 16 Julai, 1950, katika uwanja wa Maracanã, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili itwae Kombe la Dunia. Ilifungwa 2–1. Kipa wake, Moacir Barbosa, alikuwa mmoja wa makipa bora wa nyakati zake. Bao la pili lilipita upande wake wa karibu, na tangu siku hiyo alilaumiwa mpaka alipofariki mwaka 2000. Miaka hamsini kwa bao moja! Wezi na wauaji wengi hufungwa miaka michache kuliko hiyo. Hapo ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa dhuluma. Waliomlaumu walidhani wanaikumbuka mechi, kumbe walikuwa wanamtupia mtu mmoja mzigo wa wote ili wao wapumzike.

Basi tufanyeje? Tusahau kabisa? Sisi tunadhani jibu la kufaa liko hapa hapa kwetu, katika desturi ambayo wazee wa milima ya Uluguru waliijua kabla mpira haujafika, nayo ni utani.

Kila mtu anajua kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Jina hilo hutajwa kila siku katika redio, lakini ni wachache wanaokumbuka lilitoka wapi na lilikuwa na masharti gani. Katika nchi ya Uluguru ukoo mmoja una watani wake katika ukoo mwingine, na kabila lina watani wake katika makabila mengine. Kazi ya mtani huonekana zaidi katika msiba. Watu wanapolia, yeye hucheka. Humwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, hudai alipwe, pengine huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa waliokuwa hawawezi kuinua kichwa hujikuta wanatabasamu, na hawaruhusiwi kumkasirikia.

Lakini mtani huyo huyo ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayetafuta kuni, anayesimamia chakula, anayekaa na wafiwa mpaka mwisho. Haki yake ya kucheka inatokana na jembe alilolishika. Mtu asiyechimba, akija kucheka tu, huyo si mtani, ni adui aliyepata nafasi.

Hapo tuna kipimo cha kutosha. Yanga walicheka mwaka 1993. Simba walicheka mwaka 2023. Mwaka 2025 Yanga wakacheka tena. Sawa, na wacheke, maana ndiyo haki yao. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na asiyekubali kutaniwa hajakubali kushindwa. Lakini tuulizane: je, tuliochekana tulichimba pia? Kijana wa jirani alipojifungia ndani kwa huzuni, je, mtani wake alikwenda kumgongea mlango baada ya kumtania, akakaa naye, akamsindikiza kazini asubuhi? Au alimrushia maneno kutoka ng’ambo ya barabara, ugomvi ukaanza, mtu akapigwa? Utani usio na jembe ndio unaozaa ngumi.

Na desturi hii inatufundisha jambo jingine kuhusu kumbukumbu. Katika matanga marehemu hutajwa sana, wala hafichwi. Hutajwa mema yake na vituko vyake mbele ya watu wote, na kwa kutajwa hivyo na wengi, uzito hugawanywa. Wazee walisema, “Msiba wa wengi ni harusi.” Hawakuwa na maana kwamba msiba ni furaha. Walimaanisha kwamba mzigo ukishikwa na mikono mingi, mtu mmoja havunjiki mgongo. Kwa hiyo kushindwa nako kusimuliwe. Kusimuliwe hadharani, kwa ukweli, pamoja na majina ya walioshinda. Wapo wazee wa Simba ambao mpaka leo humtaja Boli Zozo, mfungaji wa Stella, kama mtu anavyomtaja mpinzani hodari, bila chuki. Hiyo ni kumbukumbu iliyopona.

Mtu anaweza kutuuliza: faida yake ni nini, kama kombe halirudi? Wengine hujibu kwamba aliyeshindwa leo atashinda kesho. Ni kweli mara nyingine. Huko Uingereza, tangu mwaka 1987, ziko mechi za mchujo wa kupanda daraja, na hata ligi yetu inazo mechi za mchujo. Fainali ya mchujo ni ya ukatili, kwa kuwa anayeshindwa hubaki alipokuwa, kana kwamba msimu mzima haukuchezwa. Tarehe 30 Mei, 1999, klabu ndogo ya Gillingham iliongoza 2–0 dhidi ya Manchester City katika uwanja wa Wembley hadi dakika ya 90 ilipofika. City wakarudisha yote mawili, wakashinda kwa penalti. Mwaka uliofuata, 2000, Gillingham walirudi Wembley, wakawafunga Wigan 3–2, wakapanda. Ni habari ya kutia moyo, wala hatuikatai. Lakini Simba walingoja miaka 32 wakarudi katika fainali ya Afrika, na hawakupata. Kwa hiyo tusiwadanganye watoto wetu kwamba kila machozi hulipwa kwa kombe.

Faida tunayoiona sisi ni nyingine. Jioni ya tarehe 25 Mei, 2025, vijana wengi wa mji huu walikuwa wanashindwa hivyo kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Walidhani hakuna mtu aliyewahi kuumia namna ile. Aliyekuwa na neno la kuwaambia ni yule mzee aliyeikumbuka redio ya mwaka 1993. Angeweza kusema, “Mwanangu, mimi njia hii nilikwisha ipita. Asubuhi kulikucha, tukaenda kazini, na wale tuliosikiliza pamoja bado ni rafiki zangu.” Kama angekuwa amesahau, asingekuwa na cha kumpa. Kama angekuwa amekumbuka kwa lawama, angempa sumu: angemtajia kipa na refa, na kijana angerithi chuki ya mechi ambayo hakuiona.

Basi ndugu zetu, jibu letu ni kwamba ni vema kuyakumbuka maumivu ya kushindwa, mradi kumbukumbu hiyo iwe akiba ya kumfariji anayeshindwa leo. Wenye umri kama wetu tuichunguze akiba yetu. Jumapili hizi, watoto wanapotoka uwanjani Jamhuri vichwa chini, au wanapopanda mlima kurudi vijijini kwao na jezi zilizolowa, tusiwaulize kwanza ni nani aliyekosa penalti. Tuwaulize kama wamekula.